Kutafuta Ushahidi wa Kuaminika Juu ya Athari za Bendi ya Dansi

Mwalimu mwanafunzi mmoja niliyemkagua katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ya msingi iliyo baina ya Gerezani na soko la Kariakoo, aliandika ubaoni sentensi hii: "Juwata Jazz ilianzishwa mwaka 1964, nayo ndiyo bendi iliyopendwa kuliko zote nchini." Darasa zima likanakili. Nilipomwuliza baadaye ameyapata wapi maneno hayo, alijibu kwamba ameambiwa na mzee mmoja wa mtaani, shabiki wa siku nyingi. Sikumlaumu kwa kumwendea mzee. Nilimlaumu kwa kutomwuliza swali la pili.

Tuanze na jina. Bendi hiyo ilianzishwa kweli mwaka 1964, lakini chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, na ikaitwa NUTA Jazz. Jina la Juwata lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, pale NUTA ilipofuatiwa na Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania. Baada ya sheria ya mwaka 1991 kuunda OTTU, bendi ikachukua jina hilo pia, na hatimaye ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Kwa hiyo jina la bendi ni kama saa ya ukutani: humwambia mtafiti ni wakati gani. Santuri yenye maandishi ya NUTA Jazz haiwezi kuwa ya miaka ya 1980 isipokuwa imetolewa upya. Naye mzee asemaye kwamba alicheza muziki wa Juwata mwaka 1968 si mwongo. Analiita jambo la zamani kwa jina alilolizoea baadaye. Yafaa aulizwe kwa adabu: "Wakati ule, babu, mlikuwa mkiiitaje?"

Ugumu wa pili ni ushabiki. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Muhidini Gurumo, aliyekuwa mwimbaji wa NUTA Jazz. Bendi hiyo baadaye ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ikajulikana zaidi kwa jina la Sikinde, ambalo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Tangu hapo Msondo na Sikinde wakawa kama Simba na Yanga. Gurumo mwenyewe alirudi Msondo baadaye, kwa hiyo shabiki wa kila upande aweza kuapa kwamba alikuwa wao, na wote wawili wakawa wamesema kweli, kila mmoja kwa miaka yake. Mzee wa Gerezani ni shahidi bora wa mambo aliyoyaona kwa macho: ukumbi, kiingilio, mavazi, namna watu walivyocheza. Juu ya "kuliko zote" si shahidi kabisa, maana hakuwa nchi nzima.

Hapana budi basi neno "athari" livunjwe katika mambo yanayoweza kuonekana. Kupendwa ni vigumu kukupima darasani, lakini jina la mahali linapimika. Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Hata leo kuna mahali panapoitwa Sinza kwa Remmy, na konda wa daladala hulitaja jina hilo bila kufikiri. Huo ni ushahidi ambao mtoto wa darasa la tano aweza kuuthibitisha mwenyewe kwa kusikiliza. Kinyume chake, kimya cha redio kisichukuliwe kuwa dalili ya kukosa athari: wimbo wake juu ya UKIMWI, "Mambo kwa Soksi", redio ya taifa haikutaka kuupiga, nao ulienea hivyo hivyo kwa kanda.

Kwa maandishi, magazeti ya Uhuru na Mzalendo, na Ngurumo lililokoma mwaka 1976, ni hazina, nayo magazeti ya zamani hutafutwa katika Maktaba Kuu na Makavazi ya Taifa. Lakini tangazo la dansi huthibitisha tu kwamba dansi lilipangwa kufanyika siku fulani. Halisemi kama ukumbi ulijaa au ulibaki na viti vitupu. Sifa nazo zipimwe kwa kuangalia nani anayesifu: Uhuru lilikuwa gazeti la chama tawala, na NUTA ilikuwa jumuiya iliyofungamana na chama hicho hicho. Wala usihesabu santuri tu. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania, na santuri zilitengenezwa Kenya, hivyo nyimbo nyingi zilizovuma zilibaki katika kanda za redio, ambazo sasa zimo mikononi mwa TBC.

Wako wanaodhani kwamba bendi za roki za Ulaya, kwa kuwa zimeandikiwa vitabu vingi, hazina taabu hii. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946; hilo halina ubishi. Lakini ukizunguka Mji Mkongwe utakuta kwamba nyumba zaidi ya moja zimewahi kutajwa kuwa ndiyo ya wazazi wake. Watalii wana fedha, na fedha huzaa mashahidi.

Kipindi kilichofuata mwalimu yule aliifuta sentensi yake mbele ya watoto, akawaeleza kwa nini anaifuta, akaandika: "NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964. Mzee mmoja wa Gerezani anakumbuka kuicheza." Chini yake akaacha mstari mtupu wenye alama ya kuuliza, mahali pa bendi iliyopendwa kuliko zote. Wavulana wawili wa dawati la nyuma, mmoja mjukuu wa Msondo na mwingine wa Sikinde, nusura washikane mashati.