Mnasihi Mwanagenzi na Akili Bandia

Unasihi ni kazi ya kusikiliza kabla ya kuwa kazi ya kusema. Mtu aliyelemewa humfunulia mnasihi mambo ambayo pengine hajamwambia hata ndugu yake. Kwa hiyo, chombo chochote kinachoingizwa kati ya hao wawili hakina budi kupimwa kwanza. Chombo tunachokijadili hapa ni akili bandia, yaani programu za kompyuta ziwezazo kutunga maneno mfano wa binadamu.

Suala hili si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa Massachusetts Institute of Technology, alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyomwigiza mtabibu wa nafsi kwa kuyageuza maneno ya msemaji yawe maswali. Haikuelewa lolote. Hata hivyo, katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Somo la kwanza kwa mwanagenzi ni hili: ufasaha wa jibu si ushahidi wa kuelewa.

Somo la pili latoka Marekani. Mwaka 2023, National Eating Disorders Association iliiondoa programu yake Tessa baada ya kudhihirika kwamba iliwapa watu wenye maradhi ya ulaji mashauri ya kupunguza uzito. Shauri lililo la kawaida kwa wengine ni sumu kwa mgonjwa huyo. Mashine ilijibu swali; haikumwona muulizaji.

Je, mwalimu apige marufuku? La, katazo tupu huzaa matumizi ya siri. Afadhali atunge kisa cha mteja asiyekuwepo, asemaye: «Moyo wangu umekuwa mzito.» Wanafunzi waandike kwanza wangemwuliza nini: Kuna msiba? Deni? Aibu? Au ni maumivu ya kifua? Ndipo wasome jibu la mashine na kulikosoa: limeuliza nini, limedhani nini, limeruka nini?

Mbele ya mteja halisi, sharti ni tatu. Jina wala kisa chake kisiandikwe katika programu hizo, kwani maneno hayo huenda kuhifadhiwa kwenye kompyuta za makampuni ya mbali. Mteja aelezwe chombo kinachotumika, naye awe huru kukikataa. Na penye dalili ya kutaka kujiua, mwanagenzi amwendee msimamizi wake mara moja, asiiendee mashine.

Mashine yaweza kumsaidia mwanagenzi kujizoeza. Dhamana ya neno alilomwambia mtu mwenye uchungu hubaki yake mwenyewe.