Kuiamsha Kadi ya Televisheni ya Zamani katika Linux

Wanafunzi mlio darasani na ninyi mliokwisha maliza mkatawanyika huko na huko, mhariri ameniomba nieleze jinsi kadi ya televisheni ya zamani inavyoweza kufanya kazi katika kompyuta yenye Linux. Mimi nilisoma shule hii, na kazi yangu sasa ni kutengeneza kompyuta hapa mjini Rumonge. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini linagusa kitu tusichoweza kukinunua tena, yaani kanda zetu za video.

Watu wengi wa pwani hii, tangu Rumonge hata Nyanza-Lac, wana kanda za VHS nyumbani: harusi, maulidi, ubatizo, sikukuu za shule na michezo ya mpira. Nyingine zilifungwa katika mizigo wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, zikaenda Tanzania na wenyewe, kisha zikarudi nao. Ndani yake mna sura na sauti za watu ambao hatutawaona tena. Nazo zinaharibika. Unyevu huziotesha ukungu, na ziwa lilipopanda mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba nyingi za kandokando. Deki za kuzichezea nazo zinakwisha. VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Basi mwenye kanda asingojee.

Njia ya kuziokoa ni kuziingiza katika kompyuta, na hapo ndipo kadi ya zamani inapofaa. Zamani kadi hizi zilitumika kutazamia televisheni. Siku hizi mawimbi ya analojia yamezimwa katika nchi nyingi. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuyazima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwa hiyo watu wanazitupa. Lakini nyingi zina tundu la waya wenye kichwa cha njano, na kwa tundu hilo picha ya deki huingia katika kompyuta bila kuhitaji mawimbi wala antena. Nimepata kadi tatu za namna hii katika kompyuta mbovu zilizotoka Ulaya, na zote tatu wenyewe walisema zimekufa. Zote zilikuwa nzima. Zilichokosa ni draiva.

DRAIVA NI NINI?

Fikirini bandari yetu. Mashua inatia nanga, mgeni anashuka, hajui Kirundi, hajui Kiswahili wala Kifaransa. Ana bidhaa nzuri, lakini hapana wa kusema naye, basi atakaa juu ya mzigo wake mpaka jioni. Akija mkalimani, mara biashara inaanza. Kadi ni yule mgeni, na draiva ni mkalimani wake.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. Kiini chake huitwa keneli, na wakalimani wengi huja pamoja nayo katika vipande viitwavyo moduli. Moduli hukaa katika diski, na keneli huipakia inapoihitaji. Kadi nyingi za miaka ile zilijengwa juu ya chipu ya Bt878 ya kampuni ya Brooktree, na moduli yake inaitwa bttv. Watengenezaji wa kadi waliacha zamani kuziandikia draiva za Windows mpya, lakini katika Linux kazi haikukoma. Hata mwaka 2023 watu waliiandika upya sehemu ya bttv ili isije ikaondolewa pamoja na mambo ya kale.

KUIULIZA KOMPYUTA KWA UTARATIBU

Wengi, wakiona hapana picha, hufuta Linux yote wakaanza upya, au huitupa kadi. Yafaa kwanza kuuliza. Kompyuta huandika kila inachokiona, na anayesoma maandiko yake hapotezi siku.

Kwanza, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha tia kadi katika nafasi yake ya PCI. Kompyuta mpya nyingi hazina nafasi hiyo. Tafuta ya zamani. Ukiisha kuiwasha, fungua dirisha la amri, andika:

lspci -nnk

Utapata orodha ya vyombo vyote vilivyomo. Tafuta namba 109e:036e. Hiyo ndiyo Bt878. Isipoonekana, usihangaike na draiva, kwa sababu kompyuta haijamwona mgeni mwenyewe. Zima, ichomoe kadi, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, ijaribu katika nafasi nyingine. Kadi moja katika zile tatu ilipona kwa kifutio tu.

Pili, tazama mistari iliyo chini ya namba ile. Ukikuta imeandikwa "Kernel driver in use: bttv", draiva imekwisha pakiwa. Usipoikuta, ipakie kwa mkono:

sudo modprobe bttv

Ikinyamaza, imekubali. Ikijibu kwamba moduli haikuonekana, sababu huwa ni moja katika mbili. Yawezekana keneli imebadilishwa na kompyuta haijawashwa upya, hata keneli inayofanya kazi na moduli zilizomo katika diski si za namba moja. Amri uname -r itakuonyesha namba ya keneli, nawe utailinganisha na majina yaliyomo katika /lib/modules. Au yawezekana moduli za televisheni zimewekwa katika furushi la peke yake. Katika Ubuntu, furushi hilo jina lake huanza na linux-modules-extra. Mahali penye intaneti dhaifu kama kwetu, furushi laweza kupakuliwa mjini Bujumbura na kuletwa katika flashi, mradi namba yake iwe ileile ya keneli yako.

Tena, ikiwa draiva inapanda kwa mkono lakini haipandi yenyewe kompyuta inapowashwa, tafuta neno blacklist katika mafaili ya /etc/modprobe.d. Huenda mtu ameiandika bttv katika orodha ya waliozuiwa kuingia.

CHIPU INAJULIKANA, KADI HAIJULIKANI

Tatu, na hapa ndipo penye taabu kubwa, andika:

sudo dmesg | grep bttv

Hayo ni maneno ya keneli yenyewe. Pengine utakuta imeandika UNKNOWN/GENERIC na card=0. Maana yake, draiva imeitambua chipu, lakini haijui imewekwa katika kadi gani.

Nieleze sababu yake. Viwanda vingi vilinunua chipu moja, kila kimoja kikaizungushia vyombo vyake: hiki kiliweka kinasa mawimbi cha aina hii, kile cha aina ile, sauti ilipitishwa kwa njia moja huku na kwa njia nyingine kule. Viwanda vilivyo vizuri viliandika jina la kadi katika chipu ndogo ya kumbukumbu, na draiva huisoma. Vile vya bei rahisi havikuandika kitu. Basi draiva hufika nyumbani, ikamwona mwenye nyumba, lakini haijui mlango wa jikoni uko upande gani.

Kwa hiyo sharti uiambie wewe. Pamoja na maelezo ya keneli iko orodha ya kadi za bttv, zaidi ya 150, kila moja na namba yake. Soma jina lililopigwa chapa juu ya kadi, ulitafute humo. Kwa mfano, kadi ya Hauppauge yenye Bt878 ni namba 10. Basi iondoe draiva, uipakie tena pamoja na namba hiyo:

sudo modprobe -r bttv
sudo modprobe bttv card=10

Ikikataa kuondoka kwa kuwa inatumika, funga kwanza programu zote za video. Namba ikiwa si yake, mara nyingi utapata picha bila sauti, au tundu la njano halitasikia. Jaribu namba nyingine ya kadi iliyo karibu kufanana. Ukiipata ya kweli, andika mstari huu katika faili /etc/modprobe.d/bttv.conf, ili kompyuta isisahau:

options bttv card=10

PICHA NA SAUTI

Draiva ikipanda vema, utaona kifaa kipya kiitwacho /dev/video0. Chagua tundu la kuingizia, kisha mfumo wa rangi:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-inputs
v4l2-ctl -d /dev/video0 -i 1 -s pal

Namba 0 kwa kawaida ni antena, na namba 1 ni waya wa njano. Kanda za upande wetu waweza kuzikuta za PAL au za SECAM. Picha ikitoka bila rangi, usiilaumu kanda. Andika secam mahali pa pal. Sauti ya deki ipitishe moja kwa moja katika tundu la kuingizia sauti la kompyuta.

Hesabu nafasi ya diski kabla ya kuanza. Picha ya nukta 720 kwa 576, kila nukta baiti 2, mara 25 kwa sekunde, ni baiti milioni 20 na zaidi kila sekunde. Kwa saa moja ni kama gigabaiti 75. Kwa hiyo rekodi kwa programu inayokaza, kama ffmpeg, nawe utatumia gigabaiti chache tu.

Nawaonya jambo moja. Kanda yenye ukungu mweupe usiitie katika deki kabla haijasafishwa, maana ukungu utashika kichwa cha deki na kuharibu kanda zitakazofuata. Na kanda ikiwa dhaifu, irekodi mara ya kwanza inapochezwa. Usiseme unaitazama kwanza, kwani huenda isikubali mara ya pili.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa mjini aliniletea kanda ya arusi ya dada yake. Ilipofika mahali pa ngoma alimwona baba yake akicheza, akaniomba nirudishe nyuma. Sikurudisha, maana kanda ilikuwa imechoka. Nilimwonyesha ile iliyokwisha ingia katika diski. Aliitazama mara nne.

Ninyi wanafunzi wa chama cha kompyuta, kadi moja katika zile tatu nimeiacha shuleni, pamoja na karatasi yenye amri hizi. Ninyi mliomaliza zamani, tazameni juu ya makabati na chini ya vitanda. Mwenye kanda ya sikukuu za shule yetu ailete, irekodiwe, kisha arudishiwe mwenyewe pamoja na nakala. Mkipeleka, andikeni juu yake mwaka na majina ya watu waliomo, kwa maana draiva itatuletea sura zao, lakini majina mwayajua ninyi tu.

Mwanafunzi wa zamani, Rumonge