Kuuzunguka Mfereji wa Birkat al-Mawz

Ndugu zetu wengi wa pwani waendao Oman kuwazuru jamaa hurejea na habari za soko la Mutrah, ubani wa Dhofar na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Hayo ni mazuri. Hata hivyo twawausia wenye kusafiri na watoto watenge asubuhi moja kwa ajili ya Birkat al-Mawz, mji mdogo ulio chini ya Jabal Akhdhar, si mbali na Nizwa, wapate kuuzunguka kwa miguu mfereji wa kale uitwao Falaj al-Khatmayn. Jina la mji lina maana ya birika la ndizi; na neno hilo birika tunalo sisi pia, misikitini mwetu na juu ya seredani.

Falaj ni maji yaliyotafutwa chini ya mlima, yakachimbiwa njia ardhini kwa mteremko mdogo mno, hata yakatoka juani na kufika mashambani yenyewe, pasi na mashine wala mnyama wa kuyavuta. Oman ina aflaj zipatazo 3,000 ambazo zingali zikitumika. Mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na hii ni mojawapo. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Sulayman (A.S.) alipita nchi yao akawaamuru majini wazichimbe. Simulizi hiyo haina sanadi, bali ukiona kazi yenyewe utaelewa kwa nini watu waliwafikiria majini.

Matembezi huanzia karibu na ngome ya Bait al-Rudaidah. Hapo maji hugawanyika katika mikondo mitatu iliyo sawa, na watoto hupenda kusimama kutazama. Kisha njia hufuata ukingo wa mfereji ndani ya shamba: mitende juu, migomba na mindimu chini yake, baridi na kivuli. Ukingo ni mwembamba. Buibui lishikwe upindo, na viatu viwe visivyoteleza. Mbele mtu hupanda hadi mtaa wa kale wa nyumba za udongo zilizohamwa, milango mingine ingali imesimama bila dari nyuma yake. Kutoka hapo shamba zima huonekana kama zulia la kijani lililotandikwa kati ya miamba mikavu. Kuteremka kwa upande wa pili hurudisha ngomeni.

Lakini uzuri wa macho ndio mdogo. Katika ada ya aflaj, maji yatokapo juani huwa kwanza ni ya kunywa, na hapo hapana ruhusa ya kutia mkono mchafu. Baadaye hufuata mahali pa kutawadha na kuoga, wanawake wakiwa na pao palipositiriwa, kisha kufua na kuosha vyombo, na mwisho mashamba. Kila aliye juu anajua kwamba yuko wa chini yake atakayeyatumia maji yale yale.

Zamu za mashamba hupimwa kwa muda uitwao athar, takriban nusu saa. Zamani walitazama kivuli cha mti uliosimikwa mchana, na nyota usiku. Zamu hurithiwa, huuzwa, na nyingine zimewekwa wakfu kwa msikiti au madrasa. Wakfu wa maji yanayopita! Sisi tuliozoea wakfu wa nyumba na mashamba twapaswa kulitafakari hilo.

Msingi wake ni wa zamani. Katika Sahih al-Bukhari imo kesi ya al-Zubayr na jirani yake wa Kiansari, waliogombea maji ya mfereji wa Madina. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwanza al-Zubayr, aliye juu, amwagilie kwa wepesi kisha amwachie mwenzake. Yule jirani alipoikataa sulhu hiyo kwa maneno makali, ndipo al-Zubayr akapewa haki yake kamili. Wengi hukumbuka hukumu ya pili. Sisi twaona ya kwanza ndiyo inayojenga mtaa.

Historia hiyo yatugusa pia. Imamu Sayf bin Sultan wa Yaarubi, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, anatajwa na wanahistoria wa Oman kwa kuchimbisha aflaj na kupanda mitende kwa maelfu. Hapa kwetu tunamjua kwa mizinga tu.

Siku hizi adui wa falaj ni pampu. Mtu huchimba kisima kirefu uani pake, huvuta apendavyo, na maji ya ardhini hushuka kwa wote. Ziko aflaj ambazo zimekauka mitende ikafa imesimama. Pwani yetu, ambako visima vingi vimeingiwa na chumvi, hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo.

Atakayekwenda achague miezi ya Novemba hadi Machi, aanze jua lingali chini. Shamba lina wenyewe: tende zisichumwe bila idhini, wala sabuni na chupa za soda zisitupwe mferejini. Salamu hujibiwa, na mara nyingine kwa Kiswahili.