Sukari, uzito na upasuaji wa tumbo: tuhesabu gharama ya miaka yote



Kuna swali ambalo wachungaji na wauguzi wetu wanaweza kuulizwa siku yoyote. Mama au baba anaishi na ugonjwa wa sukari, au na tansiyo, au na yote mawili. Uzito umepanda, magoti yanauma, na kila akienda kupimwa dawa inaongezwa. Ndipo anasikia kwa jamaa aliye Nairobi, Ulaya au Kanada kwamba kuna upasuaji wa tumbo unaopunguza uzito na kumaliza sukari. Familia inaanza kuchanga, na kanisa linaombwa kusaidia. Je, aende au asiende?

Uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe pamoja na daktari wake. Sisi tunataka kusaidia jambo moja tu: mtu asiamue bila kujua anachokiingia. Upasuaji huu ni msaada wa kweli kwa wengi, lakini hauishi siku ya kutoka hospitali. Ni mapatano ya maisha yote.

Kwanza, tuondoe aibu

Kwetu mtu akinona tunamsifu kwamba anaishi vizuri. Akipewa ugonjwa wa sukari, tunageuka na kusema ni ulafi wake. Tena akikonda haraka, tunanong'ona kwamba ana sida. Maneno haya yote yanaumiza, na yanafanya watu wafiche ugonjwa hadi miguu inaoza au macho yanafifia.

Uzito mwingi unatokana na mambo mengi: urithi wa ukoo, chakula tunachopata, kazi ya kukaa, dawa fulani, usingizi mbaya, na mahangaiko ya vita. Mwili wenyewe unapigania uzito wake. Mtu akikonda, njaa inaongezeka na mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Kwa hiyo kumwambia mtu "punguza kula tu" mara nyingi hakutoshi. Mtume Paulo hakumkaripia Timotheo kwa kuugua mara kwa mara; alimpa shauri la kutunza tumbo lake. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Upasuaji huu ni nini?

Kuna namna mbili zinazofanywa sana, na mara nyingi daktari anapitisha kamera na vyombo katika matundu madogo bila kufungua tumbo lote.

Ya kwanza inaitwa slivu. Daktari anakata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo. Kinachobaki ni kama bomba jembamba. Sehemu iliyoondolewa hairudi tena.

Ya pili inaitwa baipasi. Daktari anatenga kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kama ukubwa wa yai, na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Katika zote mbili mtu anashiba kwa chakula kidogo. Lakini si udogo wa tumbo peke yake unaofanya kazi. Homoni za njaa na za sukari zinabadilika pia, na ndiyo sababu sukari inaweza kushuka katika siku chache tu, kabla hata ya uzito kupungua.

Nani anafikiriwa?

Madaktari wanaanza na hesabu rahisi: kilo za mtu zigawanywe kwa urefu wake katika mita, uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1,60 mwenye kilo 95: mara 1,60 kwa 1,60 ni 2,56, na 95 kugawanya kwa 2,56 ni 37.

Kwa miaka mingi, tangu 1991, kanuni ilikuwa 40 na zaidi, au 35 na zaidi kwa mwenye ugonjwa kama sukari au tansiyo. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu viliishusha: 35 na zaidi hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye sukari ya aina ya pili, daktari anaweza kuufikiria.

Lakini hesabu hiyo ni mlango tu. Mjamzito hafanyiwi. Mwenye pombe inayomtawala anapaswa kusaidiwa kwanza, kwa sababu baada ya upasuaji, hasa baipasi, pombe inapanda kichwani upesi zaidi. Mwenye moyo, figo au mapafu yaliyodhoofika anahitaji kupimwa kwa uangalifu. Mwenye sukari ya aina ya kwanza ajue kwamba hata akikonda, ataendelea kuhitaji insulini.

Je, sukari inaisha kweli?

Hapa tuwe wakweli. Nchini Sweden madaktari walianza mwaka 1987 kufuatilia watu waliopasuliwa. Kati ya wale waliokuwa na sukari ya aina ya pili, baada ya miaka 2 watu 72 kwa 100 hawakuwa tena na sukari ya juu wala dawa zake. Baada ya miaka 15 walibaki 30 kwa 100. Kwa wengine wengi ugonjwa ulikuwa umerudi.

Je, hiyo ina maana kwamba upasuaji haukufaa? Hapana. Katika utafiti huo huo, madhara ya sukari katika macho, figo na mishipa yalikuwa machache kwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao. Miaka ya sukari nzuri ina faida yake. Lakini neno sahihi ni kwamba sukari "imelala", hatusemi "imepona." Aliyepasuliwa aendelee kupimwa kila mwaka, hata akijisikia mzima kabisa.

Jambo lingine: wenye ugonjwa wa miaka michache, ambao hawajaanza insulini, ndio wanaofaidika zaidi. Aliyeishi na sukari miaka 20 anaweza kukonda vizuri na bado akahitaji dawa.

Kuhusu hatari ya kufa: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2009, juu ya watu zaidi ya 4700, ulionyesha kwamba karibu watu 3 kwa 1000 walifariki ndani ya siku 30. Hizo zilikuwa hospitali zenye mazoea ya kazi hii. Hospitali inayoifanya mara chache haiwezi kujivunia hesabu hiyo. Hatari kubwa za mwanzo ni kuvuja kwa mshono, damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni, na kutoka damu. Kwa hiyo mtu asipande ndege au basi kurudi nyumbani kabla daktari hajamruhusu, hata kama pesa ya malazi inaisha.

Dawa zako zitabadilika

Hili ndilo jambo ambalo mwenye ugonjwa wa muda mrefu analisahau mara nyingi. Atarudi Bukavu, Beni au Uvira, na muuguzi wa kituo chake ndiye atakayemhudumia. Wote wawili wajue haya:

Insulini na glibenklamidi. Sukari inashuka mara moja baada ya upasuaji. Akiendelea na kipimo cha zamani anaweza kuzimia na kufa. Dozi ipangwe upya kabla hajatoka hospitali, na awe na kipima sukari nyumbani.

Dawa za tansiyo. Nazo mara nyingi zinapunguzwa, la sivyo mtu anaanguka kwa kizunguzungu.

Ibuprofeni na diklofenaki. Tunazinunua sokoni kama pipi kwa ajili ya magoti na mgongo. Kwa aliyefanyiwa baipasi zinaweza kuleta vidonda na kutoboa tumbo. Atumie parasetamoli, na awaambie wote wanaomtibu.

Vidonge vya kuyeyuka polepole. Baadhi havifanyi kazi sawasawa tena, kwa kuwa njia imefupishwa.

Dawa za virusi vya sida. Mwenye virusi anaweza kupasuliwa, lakini apimwe wingi wa virusi baada yake. Anayemeza dolutegraviri asiimeze saa moja na vidonge vya kalsiamu au chuma tumbo likiwa tupu. Aimeze saa 2 kabla au saa 6 baada.

Vidonge vya uzazi wa mpango. Baada ya baipasi si vya kutegemewa. Na mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, ingawa akikonda uzazi unaweza kurudi bila kutazamiwa.

Kwa wauguzi tunaongeza neno moja la kuokoa maisha. Mtu aliyepasuliwa hivi akija anatapika kwa siku kadhaa, apewe vitamini B1 kwa sindano kabla ya kutundikiwa serumu ya glukozi. Bila hivyo ubongo wake unaweza kuharibika.

Gharama ya miaka yote

Bwana Yesu alifundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Mara nyingi tunahesabu tikiti, pasipoti na malipo ya hospitali. Huo ni msingi tu.

Mnara wenyewe ni huu: vitamini za kila siku maisha yote, kalsiamu na vitamini D, chuma, na vitamini B12, ambayo ikikosekana inaleta upungufu wa damu na kufa ganzi miguuni. Ni vipimo vya damu mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Ni kula kidogo kidogo, kutafuna sana, kuanza na samaki, maharagwe, mayai au sambaza kabla ya bugali, na kutokunywa soda. Aliyefanyiwa baipasi akinywa chai ya sukari nyingi anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuharisha.

Nasi wa mashariki tuna swali ambalo daktari wa mbali hataliuliza: ikitokea kukimbia, itakuwaje? Barabara zinafungwa, maduka ya dawa yanaisha, familia inalala shuleni au kambini na kula kinachogawiwa. Mwenye tumbo dogo hawezi kula bakuli moja kubwa la uji kwa siku nzima, na hawezi kukaa miezi bila vitamini. Hii haimaanishi asipasuliwe kamwe. Ina maana awe na akiba ya dawa ya miezi kadhaa, karatasi ya upasuaji katika mfuko wake, na mtu mmoja wa familia anayejua yote.

Kama njia hiyo haipatikani

Wengi wetu hawatafika Nairobi wala India, na hawakuachwa bila tumaini. Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulifuata watu wenye sukari ya aina ya pili ya miaka isiyozidi 6, wasiotumia insulini. Walipewa chakula kidogo sana kilichopimwa, kwa miezi 3 hadi 5, bila upasuaji. Baada ya mwaka mmoja, 46 kwa 100 hawakuwa tena na sukari ya juu. Lakini walisimamiwa, na dawa zao zilibadilishwa siku ya kwanza. Asiwepo mtu atakayejaribu peke yake kwa kuacha kula huku anameza glibenklamidi. Hata kupunguza kilo 5 au 6 kwa mwenye kilo 100 kunasaidia sukari na tansiyo.

Kanisa lifanye nini?

Tusimlazimishe mtu. Asitokee wa kusema kwamba kupasuliwa ni kukosa imani, wala kwamba kukataa ni ujinga. Luka alikuwa daktari na mtumishi wa Bwana.

Tukichanga, tuchangie pia mwaka wa kwanza wa kurudi: vitamini, vipimo, na kipima sukari. Afadhali safari icheleweshwe kuliko mtu arudi bila kitu.

Wakati wa maombi ya kufunga, mwenye sukari na aliyepasuliwa wasifunge kukavu. Mchungaji atangaze hivyo mbele ya wote, ili asiwepo anayejiona mdogo. Na katika karamu zetu tusimlazimishe mtu kuongeza sahani.

Kabla ya kuamua, mgonjwa amuulize daktari: Kwa hali yangu, nitafaidika nini hasa? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Dawa zangu zitabadilika namna gani wiki ya kwanza? Nikirudi nyumbani nikapata shida usiku, nitampigia nani? Na hapa kwetu, ni muuguzi au daktari gani amekubali kunifuata?

Kama swali hilo la mwisho halina jibu, asubiri kwanza. Akipata jibu, pamoja na fedha za miaka inayofuata na familia iliyoelewa, basi aende kwa amani, na sisi tumwombee.

Bwana awatie nguvu wote wanaoishi na ugonjwa wa muda mrefu, na awape hekima wanaowatunza. Amina.