Injini Igongayo Alfajiri Isinyamazishwe kwa Oili Nzito

Wenye magari katika nyanda za Njombe na Mbeya wanaijua vyema sauti hii: alfajiri ya Juni au Julai gari huwashwa, na injini hugonga kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Usiku kucha oili huwa imeshuka kwenye sampu, chini ya injini. Vyuma vya juu husubiri sekunde chache mpaka pampu iipandishe. Kelele ikomayo upesi hivyo kwa kawaida si ya kutisha.

Tunachokihofia ni tiba iliyozoeleka: kumimina oili nzito ili injini inyamaze. Penye baridi, oili nzito hupanda polepole, na vyuma huzidi kulika. Yasomeni maandishi ya kopo. Katika 5W-30, tarakimu iliyo kabla ya W huonesha wepesi wa oili penye baridi. Kadiri ilivyo ndogo, oili hutiririka upesi zaidi. Ile 30 huonesha uzito wake ikishapata moto wa nyuzi 100. Basi 20W-50 si mbadala wa 5W-30.

Kipimo kifaacho kimeandikwa katika kitabu cha gari. Fundi na akifuate. Pimeni oili kwa kijiti chake, wala msinunue filta duni, kwani huweza kuiachia oili irudi chini usiku. Kelele isipokoma, au taa nyekundu ya oili isipozimika, zimeni injini mara moja. Kwa nyumba nyingi, injini hiyo ndiyo riziki yenyewe.