Mpenzi, Raba Zako Zinaniumiza!

Hebu niambie ukweli msomaji wangu: mwenzi wako akikuletea zawadi ya bei mbaya, amejinyima, amehangaika kuitafuta, halafu zawadi yenyewe ikawa inakuumiza, utamwambia? Au utajikausha, utabasamu, uendelee kuugulia kimya kimya? Mimi nilijikausha kwa wiki sita. Na kilichokuwa kinaniumiza si kingine, ni jozi ya raba.

Ngoja nianze mwanzo. Mume wangu anafanya kazi Dodoma, mimi niko Dar. Ijumaa jioni anapanda treni ya SGR, usiku yuko nyumbani, Jumapili anarudi. Ukitoa harusi za watu, misiba na vikao vya familia, muda wetu wa peke yetu ni Jumamosi alfajiri. Saa 11 tumeshaamka, tunakimbia kutoka Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunarudi, tunamalizia na madafu. Wenzetu wana mitoko ya usiku, sisi tuna jogging. Hapo ndipo tunapoongea mambo ya kodi, ya mama mkwe, ya mtoto tunayemtafuta. Yote.

Basi tukajiandikisha kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon, yale mashindano ya Moshi yaliyoanza mwaka 2003. Desemba, siku yangu ya kuzaliwa, jamaa akaniletea boksi. Kufungua, nakutana na raba ya pinki inayong'aa, nyepesi kama ndala, soli nene kama mkate wa boflo, na ndani ya soli kuna bamba la kaboni. Bei sikuuliza. Ila risiti nilikuja kuikuta kwenye mfuko wa suruali yake nilipokuwa nafua. Zaidi ya laki 7! Nikairudisha mfukoni, nikamalizia kufua.

Uchawi wa soli nene

Simlaumu. Aliona nilichokuwa nakiona mimi pia: kila anayeshinda siku hizi ana soli nene. Mambo yalianza kuchangamka mwaka 2017 Nike walipotoa Vaporfly 4%, yenye sponji laini inayodunda na bamba la kaboni katikati. Oktoba 2019, Eliud Kipchoge akakimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1:59:40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, maana yalikuwa majaribio maalumu ya watu kumpokezana kumkinga upepo, lakini dunia nzima iliangalia miguu yake. Mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka mipaka: kwenye mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja.

Kwa watu wa ngazi ile, tofauti ndogo ni kila kitu. Si unakumbuka Septemba 2025 kule Tokyo? Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya dunia baada ya kilomita 42, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote muda wao ukaandikwa 2:09:48. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini kuna kitu ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti. Ile asilimia 4 ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, uliowapima wanaume 18 wenye mbio kali, wakikimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Mimi na mume wangu tunakwenda kilomita 9 kwa saa, tena tukiwa hatupigi stori.

Raha wiki ya kwanza, majanga wiki ya nne

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Raba inanisukuma yenyewe, najiona Kipchoge wa Msasani. Jamaa ananiangalia anatabasamu, na mimi natabasamu. Wiki ya pili vigimbi vikaanza kukaza. Nikasema ni uzembe wangu. Wiki ya nne, nyuma ya kisigino cha kulia kukawa na maumivu ya asubuhi, zile hatua za kwanza kutoka kitandani mpaka chooni natembea kama bibi. Nikikimbia taratibu, kifundo kinayumba kwenye ile sponji kama nimesimama juu ya godoro.

Unadhani nilisema? Thubutu! Nikaanza visingizio. Jumamosi hii nina ripoti ya kumaliza. Jumamosi ijayo nimelala vibaya. Nyingine nikamwambia atangulie, nikamkuta kwenye madafu. Jumatano nikienda peke yangu navaa raba yangu ya zamani, iliyokwisha pembeni, nakimbia vizuri tu.

Kocha wa klabu yetu ya jogging ndiye aliyenikamata. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, amewahi kukimbia mwenyewe enzi zake. Aliniangalia napita darajani nikichechemea, akaniita. "Binti yangu, hiyo raba unaivaa kwa ajili ya mguu au kwa ajili ya mtu?"

Shikamoo yenyewe sikuimaliza. Nikabubujika.

Raba hupewa kazi kwanza, ndipo huhukumiwa

Mzee hakuiponda raba yangu. Alisema ni raba nzuri, ila imeajiriwa kazi isiyo yake. Mkimbiaji hasemi tu "raba hii ni nzuri". Anauliza: nzuri kwa kazi gani, kwa mguu wa nani?

Kuna raba ya kushindania, unaivaa siku ya mbio na siku chache za kujipima. Kuna raba ya tizi la kila siku, ngumu kuchakaa, inayokusamehe ukichoka. Na katikati yao kuna raba ya tizi la kasi. Hii ni nyepesi na inadunda, lakini imetengenezwa ivumilie wiki nzima. Mfano ni Saucony Endorphin Speed iliyotoka mwaka 2020, ambayo badala ya kaboni ina bamba la nailoni linalopinda kirahisi zaidi. Nyingine ni adidas Adizero Boston ya matoleo ya karibuni, yenye vijiti vya nyuzi za kioo. Hii ya katikati ndiyo ngumu kuihukumu, maana inadai inaweza yote. Mzee alinipa maswali yake, na mimi nakupa wewe kama nilivyoyaelewa.

Je, inakaa? Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi unazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande na kushuka. Kama inabana dukani usidanganywe kwamba "itatanuka". Kitakachotanuka ni malengelenge.

Je, inatulia mwendo wa taratibu? Hapa ndipo nyingi zinaanguka. Raba yoyote ya kisasa ni tamu ukikimbia kasi dakika mbili. Ikimbie taratibu nusu saa, kata kona, shuka kwenye mteremko. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mtu wa kawaida ni mwendo wa kupiga stori, kwa hiyo raba ya tizi isiyotulia hapo imekufelisha siku nyingi za wiki.

Je, inaitika ukiongeza kasi? Kimbia haraka dakika moja, pumzika, rudia mara tano. Raba laini sana inakumeza, unahisi unakimbia mchangani. Raba nzuri unaikanyaga, inakurudishia.

Ina uzito gani? Iweke kwenye mzani wa jikoni. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa kila gramu 100 ukiongeza kwenye kila kiatu, mwili unatumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 1. Kwa hiyo uzito una maana, ila usiuabudu. Gramu 30 za mpira mgumu chini ya soli zinaweza kukuokoa kwenye lami yenye maji.

Kesho yake unaamkaje? Hili mzee alilirudia mara mbili. Hukumu ya raba haitolewi siku unayoivaa, inatolewa asubuhi inayofuata, na tena baada ya kilomita 100. Andika kwenye daftari: leo kilomita ngapi, nini kinauma, upande gani. Kisigino changu kilishatoa hukumu wiki ya nne, mimi ndiye niliyekuwa naikalia.

Itadumu? Wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kwa raba ya mazoezi, na za kushindania huwahi kuchoka. Piga hesabu: raba ya laki 7 ikidumu kilomita 700, kila kilomita umelipia shilingi 1,000. Na kama mfuko hauruhusu, Karume kuna mtumba mzuri tu. Iweke mezani uiangalie kwa nyuma kama imelala upande, kisha bonyeza sponji kwa kidole gumba. Kama ina mikunjo na imekuwa ngumu, iache, hata kama ina jina kubwa.

Kikao cha jikoni

Maswali nilikuwa nayo, bado mtu. Ijumaa ile nilimsubiri mpaka alipokula akamaliza. Nikaweka boksi mezani. "Mpenzi, raba zako zinaniumiza. Zimeniumiza tangu mwezi wa kwanza."

Alinyamaza muda mrefu. Nilijua atasema habari ya hela. Hakusema. Akauliza, "Kwa hiyo Jumamosi zote zile ulikuwa unazikwepa raba?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua unanikwepa mimi." Halafu kwa sauti ya chini, "Nilishaanza kuamini umepata mtu mwingine wa kukimbia naye."

Wasomaji, nilihisi moyo umeshuka tumboni. Mimi nilikuwa nalinda hisia zake, kumbe kule kwenye treni mwenzangu alikuwa anajenga ghorofa zima la wasiwasi. Wiki sita! Kwa ajili ya kutosema neno "inauma".

Tuliongea mpaka saa 8 usiku. Na yeye akakiri: alinunua bila kuniuliza hata namba ya soksi, alichagua kwa kuangalia miguu ya washindi kwenye TV. Kesho yake hatukukimbia. Tulikwenda dukani pamoja, jioni, na soksi mfukoni. Nilijaribu jozi tano, nikazikimbia nje kwenye maegesho, walinzi wakicheka. Tukaondoka na ya tizi la kila siku, ya bei ya kawaida, rangi ya kijivu isiyo na mvuto wowote. Nikapumzisha kisigino siku kumi, nikarudi polepole.

Moshi

Anayeijua Kilimanjaro Marathon anaijua ile barabara ya kupanda kuelekea Mweka. Unapanda mpaka unamkumbuka kila aliyekukosea. Nilipanda na raba yangu ya kijivu, nikageuka, nikashuka, na kwenye mteremko ule ndipo nilipomshukuru mzee, maana kifundo kilitulia. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Mume wangu alikuwa ameshafika kabla, ananisubiri uwanjani na maji.

Ile ya pinki? Ipo, na naipenda. Jumatano moja moja, nikiwa na mazoezi ya kasi ya mita 800, naivaa kwa dakika chache, inapaa kweli kweli. Kwa kazi yake, ni raba bora kuliko zote nilizowahi kuvaa. Nikimaliza naivua, navaa ya kijivu, narudi nyumbani.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumnunulia mwenzi wako raba: mpeleke dukani, muache akimbie, na wiki nne baadaye muulize anaamkaje. Na wewe uliyenunuliwa, ukiulizwa, jibu ukweli siku hiyo hiyo.