Pikipiki au Kompyuta Mpakato: Hesabu ya Usiku wa Giza

Kijana mmoja wa Ujiji, aliyehitimu chuo na kuahidiwa na baba yake mdogo fedha za kuanzia maisha, alinijia barazani jioni moja, akaniamkia, akaketi, kisha akaniuliza: "Mzee, ninunue pikipiki au kompyuta?" Nami, kwa kuwa kazi yangu tangu zamani ni kuwafundisha watu hesabu za biashara, sikukisifu chombo hiki wala kile, bali nilimwuliza ni siku ngapi katika mwezi chombo atakachonunua kitakuwa kazini. Hakuwa na jawabu, na aghalabu wanunuzi wetu hawana, ingawa swali hilo ndilo linalopasa kutangulia mengine yote.

Watu hulinganisha bei. Lakini bei hulipwa mara moja, ilhali uchakavu hulipwa kila siku bila risiti. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba pikipiki mpya imenunuliwa kwa shilingi 3,000,000, na baada ya miaka 3 ikauzwa kwa shilingi 1,200,000: basi shilingi 1,800,000 zimeliwa katika miezi 36, yaani 50,000 kila mwezi, na fedha hizo sharti ziwekwe kando kabla mwenye chombo hajajihesabia faida, maana kwa hakika ni vipande vya pikipiki yenyewe vinavyomrudia mfukoni. Chombo kikifanya kazi siku 25 katika mwezi, kila siku hubeba shilingi 2,000 za uchakavu. Kikifanya kazi siku 16, mzigo wa siku hupanda hadi 3,125, na mafuta, oili, cheni na matairi bado hayajaguswa.

Nenda Kibirizi alfajiri, mitumbwi inaporejea, ujionee mwenyewe. Kreti ya dagaa wabichi hufungwa kwa kamba za mpira juu ya kiti cha nyuma, maji yakidondoka kwenye cheni, na mchanga wa ufukweni, ukiisha kunata kwenye oili, huisaga ile cheni kama msasa tangu hapo hadi soko la Mwanga. Mpanda pikipiki hupata fedha siku ile ile aliyonunua chombo, na hiyo ndiyo fadhila kubwa ya pikipiki, kwani haimngojei mtu ajifunze mengi. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupungukiwa na nguvu ya kuwavuta, wavuvi hupumzika, na pikipiki iliyotegemea kreti zao hulala nyumbani ilhali miaka yake haisimami. Fauka ya hayo, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Jambo hilo naliona la haki kwa ziwa, ila aliyechukua pikipiki ya mkataba hakusamehewa hesabu ya kila siku anayompelekea mwenye chombo kwa sababu hiyo. Abiria wapo mwezi mzima, ni kweli, lakini vijiwe vimejaa, na leseni, bima na kofia ngumu si mambo ya hiari. Mguu uliovunjika hauna fungu katika hesabu yoyote niliyowahi kuifundisha.

Kompyuta mpakato nayo, ijapokuwa haiujui mwezi wa angani, ina misimu yake. Wanafunzi wanapoomba mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, watafutaji wa kazi wanapojaza maombi kwa Sekretarieti ya Ajira, na wafanyabiashara wanaposajili majina ya biashara BRELA, steshenari za Mwanga hujaa watu wenye vyeti mikononi. Misimu hiyo ikiisha, hubaki barua, mitihani ya walimu na mihutasari ya vikao, ambayo ni kazi ndogondogo lakini haikatiki. Tukiikadiria kompyuta kwa shilingi 1,400,000, ikauzwa 320,000 baada ya miaka 3, uchakavu wake ni shilingi 30,000 kwa mwezi, nayo ikitumia wati 50 humaliza uniti moja ya umeme kwa saa 20, wakati lita moja ya petroli haiipeleki pikipiki ndogo mbali zaidi ya kilomita 60 hivi. Tahadhari ni kwamba kompyuta peke yake haizai kitu: inataka printa, bando, na kabla ya yote ustadi wa mwenyewe. Tena asidanganyike mtu na mashine kuukuu kwa ajili ya urahisi wake, kwani msaada wa kawaida wa usalama kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Liko pia suala la kuuza chombo siku ya dhiki. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba fedha ya soko lile ilikuwa shanga ziitwazo sofi, na kwamba wabadilishaji walizitoa soko lilipofunguliwa, wakazipokea tena lilipofungwa; kwa hiyo mwenye sofi hakulala na mali isiyo na mpokeaji. Pikipiki inakaribia tabia hiyo, kwa kuwa mnunuzi wake hupatikana Mwandiga hata Kasulu. Kompyuta iliyotumika hukosa wa kuipokea upesi, na thamani yake huporomoka mapema.

Yule kijana hakuwa na leseni, wala hakuwa na mchuuzi wa dagaa aliyemwahidi kreti hata moja. Alikuwa na walimu watatu waliokuwa wakimletea mitihani aiandike kwa kompyuta ya kuazima. Nikamwambia anunue kompyuta, na lau angekuwa ndugu yake anayeshinda Kibirizi, ningemwambia pikipiki bila kusita. Nawe msomaji, kabla hujatoa fedha ya jamaa yako, chukua daftari uandike kazi zilizokujia kwa kila chombo siku baada ya siku, tangu mwezi mpevu mmoja hadi mwingine, ndipo uende dukani.